Sarafu Chini ya Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Naandika haraka, mwandiko mbaya nisamehewe. Mashine ya marehemu imelia!

Nianze vizuri. Mume wangu alikuwa na mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Fimbo ndefu, sahani nyeusi chini, kisanduku chenye taa juu. Kila mwisho wa wiki aliitundika begani akaenda kwenye viwanja vitupu, kando ya barabara, nyuma ya shule. Alirudi na vizibo vya soda. Misumari. Safari moja, mfuniko wa sufuria. Vizibo aliviosha na kuvipanga dirishani kwa rangi. Watu walimcheka. Naye alicheka nao, kisha akaingia ndani, akavua viatu na kuviacha vimetazama mlango, kama mtu atakayetoka tena sasa hivi.

Jana wifi yangu, yaani dada yake, alisimama katikati ya sebule yangu akasema hilo sufuria lenye mpini linajaza nyumba bure. Ameshapata mnunuzi. Jumapili kuna kikao cha familia, na baada ya kikao linaondoka. Mimi nikiudhika hukunja nguo. Nilikunja nguo zote, pamoja na zile mbichi.

Leo nikaitoa mashine niifute vumbi kabla haijaniacha. Kidole kikagusa swichi. Betri bado zina nguvu! Nikaitembeza uani kidogo, nisikie tu alichokuwa akisikia yeye. Chini ya kamba ya nguo ikapiga kelele kama kuku aliyekanyagwa mguu.

Nikachimba kwa kijiko cha kupakulia. Sarafu! Nene, ya kijani, ina magamba kama samaki. Hakuna herufi inayosomeka. Upande mmoja una uvimbe unaoweza kuwa kichwa. Kichwa cha nani? Cha mtu mkubwa, bila shaka. Watu wadogo hawawekwi kwenye sarafu.

Mpango ni huu. Niisafishe, nijue ni ya enzi gani, niiweke mezani Jumapili mbele ya wote waliomcheka. Wanyamaze. Mashine ibaki nyumbani. Mpaka siku hiyo simwambii mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mama mkwe. Ningefanyaje? Tunaishi pamoja, na kutwa anakaa dirishani. Aliniuliza kwa nini nafukua uani na nguo zinakauka juu ya kichwa changu.

Ameishika sarafu, ameinusa, amesema inanuka ufunguo. Akaniuliza nina uhakika gani. Nikamwambia uhakika ninao, kilichobaki ni ushahidi.

Nikaenda kwa fundi saa, pale chini ya ngazi. Alibana lenzi yake jichoni akaitazama muda mrefu. Kwanza akasema ni ya zamani. Kisha akasema ni ya zamani mno. Kisha akakiri kwamba haoni kitu, ila kitu kisichoonekana kiasi hicho lazima kiwe cha zamani. Nimeiona hoja hiyo ina nguvu. Yeye alidhani kichwa kimevaa kilemba. Mimi niliona taji. Mteja aliyekuja kubadilisha mkanda wa saa aliona kobe, lakini yeye hakuulizwa.

Fundi akanionya nisiisugue kabisa. Niiloweke kwenye mafuta, nichokonoe uchafu kwa kijiti cha meno, nisubiri wiki nyingi. Wiki nyingi nitazitoa wapi? Jumapili ile pale. Nimemshukuru sana, nikapita dukani kununua siki.

Jumatano, 5 Machi

Sijui hata niandike nini. Nimeketi jikoni nimeshika kichwa.

Asubuhi niliitia sarafu kwenye glasi ya siki na chumvi. Ikaanza kutoa mapovu. Baada ya muda siki yote ikawa kijani, nzuri, kama chupa ya manukato. Nikaiacha kando ya sinki nikaenda kuanua nguo.

Mama mkwe ana meno ya bandia. Mchana kabla ya kulala huyatia kwenye glasi ya maji, pale pale kando ya sinki. Nilijua. Nimelijua hilo miaka yote niliyoishi naye. Yeye akakuta glasi imeandaliwa, ina dawa ya rangi, akafikiri nimemnunulia dawa mpya ya kusafishia. Akaniombea dua njema, akatumbukiza meno, akalala.

Jioni majirani wakaja kutujulia hali, kama wanavyofanya tangu msiba. Mama mkwe akatoka chumbani, akawakaribisha, akatabasamu.

Meno ya kijani! Ya juu na ya chini!

Mgeni mmoja akamwaga chai mapajani mwake na wala hakuhisi moto. Mwingine akauliza kwa sauti ya chini kama mama ameenda hospitali karibuni. Mama mwenyewe akamumunya kidogo, akasema dawa ya leo ina ukali.

Nimemkimbiza kwenye bomba, amesukutua na kusukutua. Meno nimeyasugua kwa magadi mpaka ncha za vidole zimechubuka. Yametoka na rangi ya mchicha uliochemshwa. Nilipomwonyesha alijitazama kwenye kioo upande huu na upande ule. Nikangoja maneno makali. Akasema katika umri wake mtu akipata rangi mpya asiikatae.

Sarafu, lakini. Sarafu imetoa pua! Naiona wazi. Pua ya mtawala.

Alhamisi, 6 Machi

Pua haipo tena.

Nilitaka jicho. Nikiwa na jicho na pua, nilijiambia, fundi saa atalitambua jina. Nikachukua waya wa kusugulia masufuria, nikasugua taratibu. Kisha si taratibu sana. Nilipofuta povu nikakuta uso mtupu, laini, mwekundu unaong'aa kama bomba jipya. Mtawala mzima amekwenda na maji machafu! Nilisimama pale nikitazama tundu la sinki kana kwamba angerudi.

Nilikumbuka alivyokuwa akisafisha vizibo vyake. Mswaki wa zamani, pumzi ameibana, ncha ya ulimi nje. Hakusugua hata siku moja. Aliniambia kitu kilicholala ardhini hakitaki kuamshwa kwa fujo. Mimi nilikuwa namenya viazi, nikaitikia tu.

Kabla sijafuta machozi, wifi huyo mlangoni. Habari zimemfikia. Yule mteja wa mkanda aliyasikia yote kwa fundi saa, na ni mtu wa kusimulia. Nikaona heri, pua au bila pua, nimwonyeshe sasa. Upande wa pili bado una ukijani wa kutosha.

Aliishika. Akakaa. Wifi hakai kwangu, huwa anasimama ili kazi yake iishe haraka. Aliigeuza mara nyingi, uso umemlegea. Akasema kumbe mashine inafanya kazi. Nikamwambia ndiyo, inafanya kazi, na ndiyo maana haifai kuuzwa.

"Wifi, nani atauza kitu kama hiki?" akasema. "Mnunuzi nimeshamkatalia nikiwa njiani. Ni mali ya kaka yangu. Jumapili naondoka nayo mwenyewe."

Mpango wangu umefaulu mno. Nimemshawishi kabisa, na kwa kumshawishi nimejinyang'anya mashine mwenyewe!

Nimekunja nguo. Nimekunja na mapazia.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya ulikuwa mzuri. Nitie betri zilizokufa, Jumapili wifi awashe mashine, iwe kimya, aone ni mzigo, aiache.

Nikaenda kwa muuza betri na redio. Ndiye aliyekuwa akiongozana na marehemu kwenye matembezi yao ya vyuma. Nikamwomba betri zilizokwisha. Akadhani nimekosea kusema. Hakuna aliyewahi kuingia dukani kwake kutafuta betri zilizokwisha. Ikabidi nimweleze yote, tangu kuku aliyekanyagwa mpaka wifi, na nikamtolea sarafu.

Akaipokea akicheka. Kicheko kikamkatika. Akaniuliza niliichimba wapi. Chini ya kamba ya nguo, nikamwambia. Akauliza, karibu na ile nguzo yenye msumari uliopinda? Nikamwambia hapo hapo. Akavuta boksi la redio akalikalia.

"Shemeji," akasema, "hiyo tuliifukia sisi."

Nilimsikia. Nikamwomba arudie, nikamsikia tena.

Akanieleza. Mwenye mashine kama ile lazima afukie sarafu nyumbani kwake, mahali anapopajua, kina anachokijua. Kila anapotaka kutoka, anaipitisha mashine juu yake kwanza, asikie kama masikio yake yako sawa. Mtu akishasikia mlio wa sarafu yake, anaujua atakapoukuta kwingine. Ile waliifukia siku mashine iliponunuliwa. Ilikuwa chenji ya betri za kwanza. Sarafu ya kawaida kabisa, ya wakati ule, madukani siku hizi hawaipokei.

Nikasema haiwezekani, magamba yale ni ya karne. Muuza betri akainamisha kichwa. Akasema sarafu iliyofukiwa jana hailii kama iliyokaa sana. Kwa hiyo marehemu aliizeesha. Kila Jumamosi asubuhi aliimwagilia maji ya chumvi.

Maji ya chumvi!

Chini ya kamba ile nilipanda waridi. Likakauka. Nikapanda jingine. Likakauka. La tatu nililinunua likiwa na maua tayari, na likafa na maua yake. Miaka yote nilidhani mama mkwe anamwaga pale maji ya sabuni, na kwa ajili ya heshima sikumuuliza. Na mume wangu, ndoo mkononi, ndoo ile ile, alisimama kando yangu akanipa pole! Akasema pengine udongo wa upande ule ni mkaidi!

Nilikuwa bado nimeachama pale dukani, muuza betri akaongeza jambo. Marehemu alipomaliza kumwagilia, alikuwa akiinama na kuisalimia sarafu. "Shikamoo, mzee." Kila Jumamosi. Alisema ndicho kitu cha kale alicho na hakika nacho, basi lazima akiheshimu.

Nilicheka mpaka wateja wakageuka. Kisha hakikuwa kicheko tena. Muuza betri akanipa kitambaa chake cha kufutia redio.

Jumamosi, 8 Machi

Sijafanya kazi yoyote leo. Nimezunguka nyumba.

Nikinyamaza kesho, marehemu anabaki shujaa. Aliyechekwa ndiye aliyekuwa na mashine ya kufukua watawala wa kale. Lakini wifi ataondoka nayo, na uani patabaki kamba na nguo tu. Nikisema kweli, wifi hataitaka, na mnunuzi alishamfukuza, kwa hiyo mashine inabaki kwangu. Lakini watamcheka upya, na safari hii zaidi. Mwanamume aliyetafuta hazina maisha yake yote, na sarafu pekee ikawa chenji yake mwenyewe! Nitamwacha achekwe akiwa hawezi hata kucheka nao?

Nikaona nishike njia ya katikati. Betri zilizokufa zipo, muuza betri alinifungia jana kwenye gazeti. Nimezitia. Nikawasha nihakikishe ukimya.

Ikapiga kelele mpaka mama mkwe akaangusha kijiko. Ikalilia komeo la mlango. Ikalilia ndoo. Ikamlilia mama mkwe mwenyewe, pini za nywele. Betri mpya kabisa! Muuza betri ameniachia ujumbe kwa jirani kwamba moyo wake ulimkatalia kumfungia mjane uchafu, na nisifikirie kulipa.

Watu wema wanaweza kukumaliza.

Jumapili, 9 Machi

Kikao kimekwisha. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha marehemu.

Wifi alikuja na nguo zake nzuri. Sarafu tuliiweka kwenye kisosi katikati ya meza, upande wa kijani juu. Mashine nimeisimamisha pembeni. Wajomba, shangazi, wote wakapita kuinamia kisosi, na kila aliyeinama aliona kitu chake. Hakuna aliyeona kobe, nashukuru.

Wifi akasimama kusema. Nilitegemea mambo ya vyombo na nafasi. Badala yake akasema, "Kaka yangu tulimdharau. Mimi wa kwanza. Kumbe alikuwa anajua anachofanya." Kisha akakaa.

Sijawahi kusikia maneno hayo ndani ya chumba kile. Nilitamani kikao kiishie pale pale, tufunge milango, kila mtu aende na maneno hayo nyumbani. Nikajisemea, basi, mwache aichukue. Ni bei ndogo.

Wifi akaiendea mashine. Mkanda wake wa begani una fundo. Bega la kulia la marehemu lilikuwa bovu, akaupunguza mkanda kwa fundo moja kubwa, baya, la mtu asiyejua kufunga. Wifi ni mrefu. Akaanza kulifungua.

"Usifungue hilo," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikitoka kubwa kuliko nilivyoipima. "Sarafu si ya kale, wifi. Aliifukia mwenyewe. Ni chenji ya betri."

Nikasema yote. Kufukia, kupima masikio ya mashine, maji ya chumvi, waridi zangu tatu. Nikasema na shikamoo. Nilitaka kuiacha hiyo, ikatoka yenyewe. Nilipomaliza macho yote yalikuwa kwenye kisosi. Nikawaza, hapo nimemzika mara ya pili, kwa mikono yangu.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe. Akaanza kutikisika mabega. Akacheka, na meno yale ya mchicha yakaonekana yote, na aliyekuwa hajayaona akashtuka mahali alipo. Akasema mwanawe alipokuwa mdogo alikuwa akificha kijiko chake chini ya mkeka, kisha anazunguka nyumba nzima akilia kimeibwa, kisha anakipata, na furaha yake ya kukipata ilikuwa ya kweli kila siku.

Wifi akacheka. Namjua kicheko chake, nimekisikia miaka mingi kikimpiga marehemu mgongoni. Hiki hakikuwa kile. Kilimkalisha sakafuni na nguo zake nzuri, akaegemeza kichwa mapajani mwangu. "Shikamoo, mzee," akasema, na kusema tena, mpaka ikawa kilio. "Huyo ndiye. Huyo ndiye yeye kabisa, wifi."

Wote walicheka. Nilikuwa nimekiogopa kicheko hicho tangu Ijumaa. Kumbe hakikumtupa nje. Kilimwita aingie, akakaa nasi, karibu nimwekee kiti.

Wakati wa kuondoka wifi alilifunga upya lile fundo. Amelifunga vibaya zaidi ya kaka yake. Akanisukumia mashine. "Kaa na sufuria lako," akasema. "Ila Jumamosi nakuja, unifundishe."

Nikaapa mbele yao wote. Sisafishi tena kitu nisichokijua. Sikiiti cha kale mpaka mtaalamu aseme. Na jambo likinichanganya, nitauliza kwanza. Mama mkwe akasema amesikia na atanikumbusha.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi anakuja Jumamosi na mashine haina tena sarafu ya kupimia masikio! Nimefukia nyingine, kwa utaratibu wote. Sarafu ya matumizi ya kila siku, nimeiomba kwenye pochi ya mama mkwe. Nimeifukia pale pale karibu na nguzo, nikaimwagia maji ya chumvi. Muuza betri alisema chumvi inahitaji miaka. Nimeongeza na siki, na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ili miaka hiyo iwe siku tano.

Nimeisalimia. Nilijisikia mjinga kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua kubwa imenyesha tangu juzi, uani palikuwa mto. Leo jua limetoka, nikaenda kupima. Nikapitisha mashine karibu na nguzo. Kimya. Nikapitisha tena. Kimya! Nikaigeuza mashine nirudi ndani, nikawa napita karibu na mfereji wa maji ya mvua, na hapo ikalia mpaka nikairusha!

Nimechimba kwa mikono. Sarafu! Ukingoni ina kijani, katikati ina madoa meusi ya ajabu, na harufu kali ambayo haifanani na kitu chochote cha zama zetu. Nimekaa chini kwenye tope. Sijapata mshtuko kama huu.

Mama mkwe ameniita kutoka dirishani. Ameuliza, je, haiwezekani mvua imeisogeza ile ya Jumatatu? Nikamweleza kwa adabu kwamba mvua husogeza majani. Hii ni chuma. Na ile ya Jumatatu niliifukia mwenyewe, nakumbuka vizuri, karibu na nguzo, wakati hii imetoka mferejini. Akaomba aione. Akatoa sarafu nyingine kwenye pochi yake, akaziweka mbili pamoja kiganjani, akasema vichwa vinafanana. Nikamwambia wakubwa wengi hufanana, mama, ni kuoana kwao kwao.

Akanikumbusha kiapo. Nimekiheshimu. Nimeuliza kwanza, kama nilivyoapa. Nimejiuliza tangu asubuhi, na kila nikijiuliza najibiwa vile vile.

Nimempigia wifi simu. Nimemwambia asingoje Jumamosi, aje leo leo, na begi kubwa. Vitu kama hivi havikai kimoja kimoja.